Kipande Changu cha Mtaro

Mama yangu hakuwahi kuiita kazi yangu kazi. Aliiita kukaa. Mtu akimuuliza binti yako anafanya nini Nairobi, alijibu, "Amekaa," kwa sauti ya kawaida kabisa, na akiulizwa zaidi aliongeza, "Amekaa na karatasi." Sikuudhika. Nilikuwa nimekaa kweli, kwenye stuli ndefu isiyo na mgongo, mbele ya meza yenye kioo katikati na taa chini ya kioo. Juu ya kioo niliweka karatasi juu ya karatasi, ili nikichora ya juu niuone mchoro wa chini. Ndivyo katuni za filamu zilivyotengenezwa siku hizo. Mchoro wa kwanza, mkono uko hapa. Mchoro wa pili, mkono umesogea kiasi cha unene wa ukucha. Unachora hivyo mpaka jioni, halafu unagundua mtu wako amekohoa tu.

Boma letu liko kwenye mteremko upande wa Tawa, mahali ambapo sasa ni Makueni lakini wakati huo tulihesabiwa Machakos. Mteremko wenyewe si mchezo. Ukiangusha sufuria nje ya jikoni, unaenda kuiokota kwa jirani. Baba alifariki kabla sijaanza shule, na watoto wengine wa mama hawakukua, kwa hivyo tulibaki mimi na yeye. Nilianza kuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Mama hakunichapa kwa kuchora, alinichapa kwa kumaliza mkaa. Shuleni walimu walinishtukia haraka: nani atachora ramani ya Kenya ubaoni, nani atachora jino lililopasuliwa katikati, nani atachora moyo wa ng'ombe. Nilichora vyote. Sikuwa nimewahi kuona ndani ya moyo wa ng'ombe, na nadhani mwalimu pia hakuwa ameona.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nilipata kazi katika ofisi moja ya Nairobi iliyotengeneza picha za kuwafundisha wakulima. Nilichora mabango ya dawa ya mbuzi na ya namna ya kuweka mahindi yasiingiwe na wadudu. Baadaye ofisi ikaletewa kamera ya kufungwa juu ya meza, inayotazama chini, ya kupiga michoro mmoja baada ya mwingine. Mkubwa wangu akauliza nani ana subira. Wanaume wote chumbani wakanigeukia mimi. Basi, hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye filamu. Nisidanganye watu kwamba ilikuwa kipawa.

Sasa lazima nieleze mwethya. Kwetu Ukambani mtaro wa shamba hauchimbwi na mtu mmoja. Wanawake wa kijiji wanaungana, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, mpaka kila boma lifikiwe, na kundi hilo ndilo mwethya. Letu liliongozwa na mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni. Wote walimwita Kapteni, hata mumewe. Asubuhi Kapteni alipima mstari wa mtaro kwa fito, akampa kila mwanamke kipande chake, kisha akapuliza filimbi na majembe yakaanza. Usipofika, hakuna anayekuchimbia. Kipande chako kinaachwa hivyo hivyo, udongo mgumu katikati ya mtaro uliochimbika, na kila anayepita anajua ni cha nani. Utarudi kukimaliza siku nyingine watu wakikutazama. Ukikosa mara nyingi jina lako linafutwa, na zamu ya shamba lako ikifika, filimbi hailii.

Mwaka ninaousimulia, mtaro wa chini wa shamba letu ulikuwa umepasuka. Maji ya mvua iliyopita yalikuwa yamekata korongo ambalo ndama angeweza kulala ndani. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ingekuja kabla halijazibwa, nusu ya shamba la mama ingeshuka mtoni, na mama hakuwa na shamba lingine. Zamu yake kwenye mwethya ilikuwa imekaribia. Goti lake la kushoto nalo lilikuwa limeanza kumsumbua, kwa hivyo hakuwa na njia nyingine ila hiyo zamu. Jambo hilo nililijua vizuri. Nilikuwa nikiliwaza hata nikiwa kwenye stuli yangu.

Bahati nzuri, au mbaya, ofisi ilitaka filamu ya mitaro. Maafisa wa kilimo walitaka watu wafundishwe kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, si wa chini, ili ukuta wa udongo uzuie maji. Mkubwa wangu alisema, "Chora mama mmoja tu. Wakiwa wengi tutazeekea hapa." Alikuwa na haki. Sekunde moja ya filamu inakula michoro zaidi ya kumi, na kila mtu unayemwongeza anakula michoro yake. Lakini mtu mmoja anayechimba ni rahisi, kwa sababu ukishachora jembe likipanda na kushuka mara moja kamili, michoro ile ile unaipiga picha tena na tena, na yeye atachimba hadi utakapochoka wewe.

Nilienda nyumbani nikamwomba mama achimbe nimtazame.

"Nichimbe nini?"

"Chochote, mwaitu." Ndivyo tunavyowaita mama zetu.

"Mimi sichimbi chochote. Nachimba kitu."

Basi alichimba tuta la viazi vitamu, nami nikakaa kwenye jiwe nikachora. Kabla ya kuinua jembe alihamishia uzito kwenye mguu wa kulia, akavuta nusu hatua, ndipo akainua. Lilikuwa ni lile goti. Kwa mchoraji, mwendo wa namna hiyo ni mali, kwa sababu mtu wa karatasi huwa mwepesi mno na hiyo nusu hatua inampa uzito. Niliutia kwenye filamu jinsi ulivyo. Nilifurahi sana, hata nikamwonyesha mkubwa wangu, naye akasema, "Huyu sasa ni mtu."

Filamu ilipokwisha nilipewa ruhusa kusafiri na gari la sinema, nione watu wanavyoipokea. Tulianzia Ikutha, kusini ya Kitui, siku ya soko la mifugo. Giza lilipoingia dereva alifunga shuka jeupe ubavuni mwa gari, akawasha mashine, na watu wakajaa. Filamu ilipoisha mzee mmoja alimshika dereva mkono, akamuuliza, "Huyu mama aliwakosea nini wenzake?" Dereva alicheka. Mimi pia nilicheka, nikadhani mzee amelewa.

Kule Nuu tulipokelewa na mwenye duka mmoja ambaye watu wake walitoka kaskazini mashariki kwa biashara ya mbuzi. Alifunga duka ili atazame, akatuletea chai ya maziwa yenye iliki. Aliniuliza kwa upole, "Huyu mama yako wa sinema hana watu?" Nikamwambia hiyo ni filamu tu. "Sawa," akasema, "lakini hata kwa filamu, si angekuwa na mtu mmoja wa kumletea maji?" Nikamshukuru kwa chai. Mtu akiwa na sifa kichwani haambiliki, na mimi nilikuwa nimejaa sifa hadi shingoni.

Kisha tukafika soko la Tawa. Mama alikuja amevaa leso mpya, akaketi mbele kabisa pamoja na wanawake wa mwethya, wote wakiwa na vitambaa vyao vya kichwa vya rangi moja. Mtu wa kwanza kuutambua ule mwendo alikuwa Kapteni. "Aiya! Si huyo ni wewe!" akamgonga mama begani. Soko zima likaangua kicheko. Mama alijifunika mdomo kwa leso. Nilisimama karibu na mashine, na kusema kweli, sijawahi kufurahi hivyo tena katika kazi yangu.

Halafu kicheko kikaanza kupungua. Kwenye shuka mama aliendelea kuchimba. Jua nililolichora pembeni lilipanda, likashuka, naye yuko pale pale, peke yake, mteremko mzima, hakuna mtu wa kushoto wala wa kulia. Sauti ya kiume ya filamu ikatangaza kwamba wewe pia unaweza. Hakuna aliyepiga makofi. Kapteni aliinuka, akajikung'uta sketi, akachukua kigoda chake, na wanawake wengine wakamfuata bila kumwambia mama kwaheri. Mama alibaki amekaa, anatazama shuka ambalo halikuwa na kitu tena.

Nyumbani aliweka chakula mezani kwanza, muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, halafu ndipo akasema.

"Umenitoa kwa watu."

"Ni mchoro tu, mwaitu."

"Nimeona ni mchoro. Kwani mimi ni kipofu? Anayechimba peke yake huku ni nani? Ni mtu aliyefukuzwa. Sasa wenzangu wameona nimeenda kuwashtaki kwa serikali. Gari la serikali, sinema ya serikali, na mimi peke yangu na jembe. Zamu yangu ni ya mwezi huu. Unafikiri watakuja?"

Nilikuwa nimechimba na hao wanawake nikiwa msichana, nilijua kila kitu alichosema, na bado nilipokuwa naichora filamu hakikuja kichwani hata mara moja. Nilikuwa nawaza michoro.

Keshoye niliitwa kwa Kapteni. Wanawake walikuwa wamekaa uani juu ya magunia wakimenya mbaazi, na mama alikuwa kati yao anamenya pia. Hakuna aliyeniambia nikae.

"Tueleze," akasema Kapteni.

Nikaeleza habari ya kamera, na taa chini ya kioo, na jinsi kila mtu anavyokula michoro yake. Walinisikiliza vizuri.

"Kwa hivyo ulituacha nje kwa sababu ya uvivu."

"Kwa sababu ya karatasi."

"Ni kitu kimoja," akasema, na wengine wakacheka, mama hakucheka. Kapteni akamwaga mbaazi zake kwenye ungo. "Na unajua mama yako anachimba vipande viwili?"

Nikasema sijui anachosema.

"Wewe ni mwanamke mzima, hujaolewa, boma lako ni lile. Una kipande. Tangu uende Nairobi, kila nikipima mstari, huyu ananiambia, 'Na cha mtoto.' Anamaliza chake, sisi tunakunywa uji, yeye anahamia chako. Goti lilipoanza tulimwambia, mama, acha tumfute huyu msichana upumzike. Akakataa. Akasema hujahama. Akasema ukifutwa, siku yeye hayuko, nani atakuja kwa shamba lako?"

Nilimtazama mama. Alikuwa anatafuta mbaazi mbovu kwenye kiganja chake kana kwamba zote zilikuwa mbovu. Niliona aibu mbele ya wale wanawake wote, na pamoja na aibu nilimkasirikia sana, kwa sababu ningeweza kuambiwa. Ningeambiwa ningefanya nini, hilo sikujiuliza siku hiyo.

Nilitaka kulipa kibarua achimbe badala yangu, nikaanza hata kulisema. Kapteni aliinua mkono. Mwethya si kibarua, akasema. Hukumu yake ilikuwa hii: nichukue likizo, nije nichimbe kipande changu kwa mkono wangu mpaka zamu ya mama ipite. Halafu nichore filamu nyingine yenye kila mtu ndani. "Na usituchore kama mbuzi wa kundi moja. Kila mtu na mwendo wake, na usidanganye. Ukikataa, zamu ya mama yako itasubiri mvua ipite."

Likizo nikachukua. Mkubwa wangu alidhani naenda kuolewa, nami sikumrekebisha.

Mimi si mchimbaji. Viganja vilitoka malengelenge siku ile ile ya kwanza, na Kapteni akivipitia kama daktari akasema, "Kweli huyu ni wa kalamu." Walinitania asubuhi hadi mchana. Wakati wa uji nilitoa karatasi kwenye kikapu nikachora. Na hapo, kati ya uji na jembe, niligundua jambo ambalo ningeliharibu kabisa kama ningebaki Nairobi. Mimi ningechora majembe yote yakishuka pamoja, kama askari. Kumbe hayashuki pamoja. Yanafuata wimbo: la kwanza linashuka, jirani yake anafuata, na jirani wa jirani, mpaka mwisho wa mstari kama wimbi, kisha linarudi mwanzo. Ukiwa katikati ya mstari unalisikia likikujia, na unainua jembe bila kuamua. Nilipenda sana sehemu hiyo.

Walikuja kwa mama wote. Korongo lilizibwa, ukuta wa udongo ukapigwa, na mvua ilipokuja udongo ulikaa. Siku hiyo mama alichimba kipande kimoja tu, kwa sababu changu nilikuwa nacho mimi. Alimaliza mapema. Alisimama hapo, akaegemea mpini, akaketi, akainuka tena. Hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwishowe alikuja akasimama juu ya kipande changu na kuniambia kwamba natupa udongo vibaya.

Halafu likizo ikaisha nikarudi Nairobi.

Filamu ya pili ilichukua miaka. Ofisi haikuitaka, kwa maoni yao mtaro ulikuwa umeshaelezwa, kwa hivyo niliichora baada ya saa za kazi na siku za Jumamosi. Katikati yake nilifanya mengine mengi. Nilipaka ukuta wa zahanati moja kule Kitui, nikachora mbele ya maduka, nikaanza kuuza picha za rangi za mafuta kwa wageni ambao wote walitaka twiga. Nimechora twiga wengi kuliko nilivyowahi kuona, na sijapata kumpenda hata mmoja. Filamu zangu za dawa ya kuharisha na za kuchemsha maji zilienda nchi nzima. Watu waliandika juu yangu kidogo. Nyumbani nilikwenda Krismasi, na matangani, na mara chache nyingine. Nikifika wakati wa mwethya nilichimba. Mara nyingi sikufika wakati wa mwethya.

Kundi lilitoka zuri, nasema mwenyewe. Kapteni nilimchora na tumbo lake na filimbi. Kulikuwa na yule anayetema mate kiganjani kabla ya kushika mpini, na yule anayesimama kila mara kufunga kitambaa upya ili apumue. Niliposhindwa ni kwa kipande changu. Nikikiacha wazi, mtu wa Nuu au Ikutha angedhani nimesahau kuchora mtu. Nikijichora mwenyewe, ningekuwa nadanganya, na Kapteni alishanikataza. Kwa hivyo nilichora nilichojua. Mama anamaliza chake, anafuta uso kwa leso, anavuta ile nusu hatua, anahamia kushoto, anaanza changu. Kwa ufundi lilikuwa rahisi, kwa sababu michoro ya mama akichimba nilikuwa nayo tayari.

Tuliionyesha miaka ya tisini, wakati huo tayari kuna wilaya ya Makueni, na video zimeingia mpaka kwenye hoteli za soko. Dereva alinifanyia hisani kuleta mashine ile ya zamani. Tuliionyesha mchana, darasani, kwa sababu wanawake wengi hawangeweza tena kutembea gizani. Madirisha tuliyaziba kwa blanketi, picha ikaangukia ukutani. Mama aliketi mbele na fimbo yake kati ya magoti, Kapteni kando yake, amekonda, filimbi bado shingoni.

Walipojiona walipiga kelele kama wasichana. "Huyo ni mimi!" "Wacha uongo, huyo ni mimi, ona makalio!" "Ati anafunga kitambaa! Haki ya Mungu, hajawahi kuchimba huyu!" Kapteni alipuliza filimbi humo ndani mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Majembe yalishuka moja baada ya jingine hadi mwisho wa mstari, nao wakaanza kuimba, na wimbo ukaingiana na majembe. Kisha wale wa kwenye ukuta wakamaliza, wakaketi kunywa uji. Mama wa kwenye ukuta akafuta uso, akavuta nusu hatua, akaingia kwenye kipande cha pili. Wote walijua ni cha nani.

Mama aliinua fimbo akaielekeza ukutani.

"Wee!" akasema, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. "Si ungejichora hapo wewe mwenyewe, nipumzike!"

Walicheka mpaka Kapteni akashikiliwa asianguke kwenye benchi. Mama mwenyewe alicheka, akifuta macho kwa leso. Mimi nilicheka pia, nikiwa nimesimama gizani nyuma ya mashine, ambako hakuna aliyeniona. Kisha wakaomba irudiwe. Dereva akarudisha reeli mwanzo, akazima taa. Majembe yakaanza, mama akamaliza kipande chake, akafuta uso, akahamia changu.